Dhamana ya Mbingu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu haki ya kutawala katika Uchina ya kale

Ukisoma historia ya Uchina hufiki mbali kabla ya kukutana na Mbingu. Mbingu imempa fulani nchi, Mbingu imemnyang'anya fulani, Mbingu imekasirika ndiyo maana mto umefurika. Maswali yafuatayo ndiyo yanayojirudia kila habari hii inapozungumzwa. Mengine yana majibu mafupi, mengine hayakubali kufupishwa.

Dhamana ya Mbingu ni nini hasa?

Ni imani kwamba nchi haina mwenyewe wa kudumu. Mbingu, ambayo kwa Kichina ni Tian, humteua mtu mmoja atawale "vyote vilivyo chini ya mbingu", naye huitwa Mwana wa Mbingu. Anaruhusiwa kuwarithisha wanawe kiti. Lakini yeye, au mjukuu wake, au kilembwe wake akitawala kwa dhuluma, Mbingu humvua madaraka na kumvisha mwingine, hata awe mtu asiye na tone la damu ya kifalme. Wenyewe huiita tianming. Hapa tunasema dhamana, kwa maana ileile ya "cheo ni dhamana" iliyokuwa katika ahadi za mwanachama wa TANU: umekabidhiwa, si mali ya baba yako.

Nani aliianzisha, na kwa nini?

Watu wa Zhou, kwa sababu walikuwa na kesi ya kujibu.

Kabla yao ilitawala nasaba ya Shang, katika bonde la Mto Manjano. Wafalme wa Shang walikuwa wakipiga ramli kwa mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe. Fundi alichimba vijishimo upande wa nyuma, akavichoma kwa kitu cha moto hadi mfupa ukapasuka, na mfalme akausoma mpasuko. Maswali yenyewe yalichongwa juu ya mfupa, na maelfu ya vipande hivyo yamefukuliwa Anyang, palipokuwa na mji wao mkuu wa mwisho. Wanauliza kama mvua itanyesha, kama mke wa mfalme atajifungua salama, kama jino la mfalme linauma kwa sababu mzimu fulani wa ukoo umeudhika. Mungu wao mkuu, Di, alikuwa mbali, na waliokuwa karibu naye ni wafalme waliokwisha kufa. Kwa mpango huo Shang hawakuhitaji kumweleza mtu yeyote kwa nini wanatawala. Mababu zao ndio waliokaa jirani na Di, basi.

Karibu mwaka 1046 KK, Wu, mfalme wa Zhou, nchi ndogo ya magharibi iliyokuwa chini ya Shang, alilivunja jeshi la Shang huko Muye. Di Xin, mfalme wa mwisho wa Shang, inasimuliwa alijichoma moto katika jumba lake. Zhou wakajikuta na nchi kubwa, watu wao wachache, na umati wa watu wa Shang waliowaona kuwa waasi tu wenye bahati. Haikupita miaka mingi Wu akafariki, mwanawe Cheng akiwa bado mdogo. Ndugu wa marehemu Wu, ambaye historia inamwita Bwana wa Zhou, akashika hatamu kwa niaba ya mtoto. Baadhi ya ndugu zake wakamshuku, wakaungana na mtoto wa Di Xin, wakaasi. Aliwashinda, kisha akawakabili maofisa wa zamani wa Shang na kuwahutubia.

Hotuba hiyo imehifadhiwa katika Shujing, mkusanyo wa nyaraka za kale. Anawaambia: si kwamba nchi yetu ndogo ilithubutu kuyawinda madaraka yenu, ni Mbingu iliyowakataa. Halafu anawageuzia kumbukumbu zao wenyewe: mnayo maandishi yanayoeleza jinsi babu yenu Tang alivyoiondoa nasaba ya Xia. Mliyowatendea Xia ndiyo yaliyowapata ninyi.

Kama hoja ya mahakamani, ni hodari. Ubaya wake ni kwamba ukishasema mfalme mbaya huondolewa, umewahukumu pia wajukuu zako. Zhou walilijua hilo. Utenzi wao wa kumsifu Wen, baba yake Wu, unasema waziwazi kwamba dhamana ya Mbingu haishikiki milele, na unawataka wazao wake wajitazame katika kioo cha Shang.

Tuna ushahidi gani kwamba haya hayakutungwa baadaye?

Tuna vyombo vya shaba. Mkubwa wa Zhou alipotunukiwa na mfalme, alisubu chombo cha tambiko na kuandika ndani yake sababu ya tunu ile. Kimoja, Li gui, kilifukuliwa mwaka 1976 huko Lintong, mkoa wa Shaanxi, nacho kinasema Wu aliipiga Shang asubuhi ya siku ya jiazi, yaani ya kwanza katika mzunguko wa siku sitini wa kalenda ya Kichina, siku ileile inayotajwa vitabuni. Kingine, He zun, kilipatikana Baoji mwaka 1963, na kinamtaja Wen kuwa ndiye aliyeipokea dhamana kuu.

Ninachokipenda mimi ni Da Yu ding, chungu cha miguu mitatu chenye uzito wa zaidi ya kilo 150, cha zama za mfalme Kang, mjukuu wa Wu. Humo mfalme anamwambia ofisa wake Yu kwamba Shang walipoteza dhamana kwa sababu wakubwa wao, wa mjini na wa mipakani, walizama kwenye pombe. Hakuna joka wala sauti ya mawinguni. Ulevi kazini tu.

Lakini vituko vingine vyote vya Di Xin, lile bwawa la pombe na ule msitu wa nyama zilizotundikwa, vichukue kwa tahadhari. Viliandikwa na upande ulioshinda, na vilizidi kunenepa kadiri karne zilivyopita. Zigong, mwanafunzi wa mwanafalsafa Confucius, alishalisema hilo zamani: hakuwa mbaya kiasi kile, ila mtu akishaanguka, maovu yote ya dunia humtiririkia yeye.

Mbingu hiyo ni Mungu?

Si kama Waislamu na Wakristo wanavyomjua Mungu. Tian haikushusha kitabu wala haikutuma mtume. Mara inazungumzwa kama mwenye nafsi, anayeridhika na kughadhibika, mara kama utaratibu wa ulimwengu unaojiendea. Mmisionari Mkatoliki wa shirika la Wajesuiti, Matteo Ricci, aliyefika Macau mwaka 1582, aliona kwamba Mbingu ya wahenga wa Kichina ni Mungu yuleyule. Papa Clement XI hakukubali, na mwaka 1704 akawakataza Wakatoliki wa huko kutumia jina la Tian kumaanisha Mungu. Kaisari Kangxi, aliyekuwa amewavumilia wamisionari kwa muda mrefu, alichukizwa.

Jambo moja huwashangaza wengi: mwananchi hakuwa na ruhusa ya kuitolea Mbingu tambiko kuu. Hiyo ilikuwa kazi ya Kaisari peke yake. Katika zama za Ming na Qing, nasaba mbili za mwisho, mwezi Desemba, siku yenye usiku mrefu kuliko zote, alikwenda kusini mwa Beijing baada ya kufunga siku tatu, akapanda madhabahu ya duara yenye ngazi za mawe, akasujudu kwa niaba ya nchi nzima. Mwingine akithubutu, ilikuwa sawa na kutangaza uasi.

Mbingu haisemi. Watu walijuaje kwamba imebadili nia?

Hapa ndipo mambo yanaponoga.

Jibu rasmi lilipangwa na Dong Zhongshu, msomi wa karne ya 2 KK aliyemtumikia Kaisari Wu wa nasaba ya Han. Kwa maelezo yake, serikali ikianza kupotoka, Mbingu hutuma kwanza maafa ya kuonya. Mtawala asipojirudi, hutuma vioja vya kutisha. Akiendelea kuziba masikio, ndipo huja anguko. Mafuriko, ukame, nzige, tetemeko la ardhi, kupatwa kwa jua, nyota yenye mkia, vyote viliingia katika daftari hilo. Na Dong anaongeza kwamba Mbingu humwonya mtawala kwa sababu inampenda.

Fikra hiyo ilimpa msomi asiye na jeshi njia ya kumkosoa mtu mwenye uwezo wa kumkata kichwa. Humwambii Kaisari amekosea, unamkumbusha tu kwamba juzi jua lilipatwa. Hata hivyo haikuwa kinga kamili, na Dong mwenyewe aliyaonja. Mwaka 135 KK moto uliunguza majengo mawili ya kumwenzi mwasisi wa Han. Dong akaandika rasimu ya kueleza maana ya mioto ile. Mpinzani wake akaiiba, akaipeleka kwa Kaisari, na Kaisari akawaita wasomi waisome bila kuwaambia ni ya nani. Mwanafunzi wa Dong mwenyewe, asijue anasoma kazi ya mwalimu wake, akasema ni upumbavu mtupu. Dong akahukumiwa kifo, akasamehewa, na tangu hapo hakuthubutu tena kunena juu ya maafa.

Wapo watawala waliotangulia kujilaumu. Jua lilipopatwa mwaka 178 KK, Kaisari Wen wa Han alitoa waraka akikiri upungufu wake na kuwataka watu wanyofu wajitokeze wamseme bila kuficha. Waraka wa namna hiyo ukawa desturi. Karibu miaka elfu mbili baadaye, mwaka 1813, Kaisari Jiaqing wa Qing alitoa wa kwake baada ya waasi kupenya hadi ndani ya kasri la Beijing.

Ishara zilichezewa pia, tena sana. Watafiti wamelinganisha kumbukumbu za Han na hesabu za kisasa za mwendo wa jua na mwezi, wakaona kwamba si kila kupatwa kwa jua kulikoonekana kuliandikwa. Ofisa aliyeridhika na bwana wake hakuwa na haraka ya kuripoti. Aliyekitamani kiti naye alitengenezewa ishara zake. Wang Mang, aliyeiondoa Han mwaka 9 BK, alisafishiwa njia na jiwe jeupe "lililokutwa" kisimani likiwa na maandishi mekundu ya kumtaka awe Kaisari. Kisha Mto Manjano ukahama mkondo, njaa ikaingia, wakulima waliopaka nyusi rangi nyekundu wakainuka, na mwaka 23 BK Wang Mang akauawa katika kasri lake.

Kwa hiyo wananchi walikuwa na haki ya kuasi?

Anayetajwa zaidi hapa ni Mengzi, mwanafalsafa wa karne ya 4 KK ambaye watu wa Magharibi humwita Mencius. Mfalme Xuan wa nchi ya Qi alimuuliza kama ni kweli Wu alimpiga Di Xin. Ndivyo ilivyoandikwa, akajibu. Je, mtumishi anaruhusiwa kumuua mfalme wake? Mengzi akasema anayeharibu utu ni mnyang'anyi, anayeharibu haki ni katili, na mtu wa aina hiyo ni mtu tu kama wengine. Nimesikia kwamba jamaa mmoja aliuawa, akamalizia, sijasikia kwamba mfalme aliuawa. Mahali pengine anapanga daraja: watu kwanza, madhabahu ya ardhi na nafaka pili, mtawala mwisho. Na ananukuu maneno ya kale kwamba Mbingu huona kwa macho ya watu na kusikia kwa masikio ya watu.

Tusimfanye mwanademokrasia, ingawa wapo wanaojaribu. Kumwondoa mtawala, kwake yeye, ni kazi ya mawaziri wa ukoo wa kifalme au ya kiongozi mwema kama Wu. Sehemu ya mkulima ni kuukimbia utawala mbaya, na mkombozi akifika, kumlaki barabarani na vikapu vya chakula na mitungi ya kinywaji.

Waliokwisha kukalia kiti hawakuipenda hata kidogo mada hii. Mbele ya Kaisari Jing wa Han wasomi wawili walibishana. Huang Sheng alisema kofia hata ichakae huvaliwa kichwani, kiatu hata kiwe kipya huvaliwa mguuni, kwa hiyo Wu alikuwa muuaji wa mfalme wake na si vingine. Yuan Gu akamgeukia: kwa hesabu hiyo, mwasisi wa Han naye alikosea kuichukua nchi kutoka kwa nasaba ya Qin? Mwasisi huyo alikuwa babu yake Jing. Chumba kizima kilitegwa. Ukisema uasi ni haramu, umemtukana babu. Ukisema ni halali, umewaruhusu watakaokuja kumwondoa mjukuu. Kaisari akakata shauri kwa kusema kwamba mtu akila nyama asiguse ini la farasi (Wachina waliamini lina sumu), hakuna atakayesema hajui ladha ya nyama. Mjadala ukafungwa, na wasomi hawakuthubutu kuufungua tena.

Kwa maoni yangu hakuna mahali panapoieleza dhamana ya Mbingu vizuri kuliko hapo. Kila nasaba iliihitaji kueleza ilivyoingia, na kila nasaba iliiogopa ikishaingia. Hongwu, mwasisi wa Ming, alikwenda mbali zaidi: mwaka 1394 aliagiza kitabu cha Mengzi kipunguzwe vifungu 85.

Mtu wa kawaida angeweza kweli kuwa Kaisari?

Wawili walifika: Liu Bang, mtu wa kijijini aliyekuwa ofisa mdogo, akaanzisha Han mwaka 202 KK, na Zhu Yuanzhang, yatima wa wakulima masikini aliyewahi kuwa mtawa wa Kibudha mwenye bakuli la kuombea, akaanzisha Ming mwaka 1368. Huyo wa pili ndiye Hongwu aliyemkata Mengzi vifungu.

Aliyefungua njia lakini hakufika ni Chen Sheng. Mwaka 209 KK yeye na wenzake 900 walikuwa wakipelekwa kulinda mpaka, mvua ikakata barabara huko Daze, na kuchelewa kwa sheria ya Qin kulimaanisha kifo. Yeye na Wu Guang wakaandika kwenye kitambaa cha hariri kwa rangi nyekundu "Chen Sheng atakuwa mfalme", wakakiingiza tumboni mwa samaki, na askari wakakikuta walipompasua. Usiku Wu Guang akajificha karibu na hekalu, akalia kama mbweha akitaja maneno yaleyale. Asubuhi watu wakawa wanamtazama Chen Sheng kwa jicho jingine. Swali lake la siku ile bado linakumbukwa: wafalme na majenerali, kwani wana mbegu yao?

Na mwanamke?

Mmoja, Wu Zetian, aliyejitangaza Kaisari mwaka 690 na kuondolewa mwaka 705. Naye alikuwa na jiwe lake, lililotolewa Mto Luo mwaka 688, likisema Mama Mtakatifu amewajia watu.

Wageni je? Wamongolia na Wamanchu walikubalika vipi?

Kinadharia mlango ulikuwa wazi, maana Mbingu haiulizi kabila. Kublai Khan alilipa dola lake jina la Kichina, Yuan, mwaka 1271, na Wamanchu walipoingia Beijing mwaka 1644 walisema hawakuichukua nchi kutoka kwa Ming, bali kwa waasi waliokuwa wamekwisha kuiangusha. Kwa kweli Kaisari wa mwisho wa Ming kukalia kiti huko Beijing, Chongzhen, alijinyonga kwenye kilima nyuma ya kasri lake kabla Wamanchu hawajafika.

Wasomi wengi wa Kichina hawakuridhika. Kaisari Yongzheng wa Qing alipogundua uchochezi wa aina hiyo, alifanya jambo geni: alichapisha hoja za mchochezi, Zeng Jing, pamoja na majibu yake mwenyewe, mwaka 1730, akiagiza yasomwe nchi nzima. Majibu yake yalirudi kwa Bwana wa Zhou moja kwa moja: Mbingu hutazama wema wa mtu, haitazami alikozaliwa. Akamsamehe Zeng Jing. Mwanawe, Qianlong, aliporithi kiti mwaka 1735 akakipiga marufuku kitabu na kumuua Zeng Jing.

Nimesikia twiga wa Malindi alihusika. Ni kweli?

Ni kweli, na alikuja wakati mwafaka.

Kaisari Yongle wa Ming, yule aliyezituma merikebu za amiri Zheng He hadi pwani yetu, hakurithi kiti kihalali. Alimpindua mtoto wa kaka yake, Jianwen, kwa vita vya 1399 hadi 1402. Kasri la Nanjing likaungua, na Yongle akatangaza kwamba kijana amefia motoni. Akamwita msomi aliyeheshimika kuliko wote, Fang Xiaoru, amwandikie tangazo la kutawazwa. Historia rasmi ya Ming inasimulia walivyojibizana. Yongle alimtuliza kwa kumwambia anamfuata tu Bwana wa Zhou alivyomsaidia mfalme Cheng.

"Yuko wapi huyo Cheng?" Fang akauliza.

"Amejichoma moto."

"Mbona humtawazi mwanawe?"

"Nchi inahitaji mtu mzima."

"Basi mtawaze ndugu yake."

"Haya ni mambo ya ukoo wangu."

Fang akaitupa kalamu chini. Aliuawa, na jamaa zake wengi pamoja naye.

Mtu aliyeingia kwa mlango huo alihitaji neno la Mbingu kuliko yeyote. Wachina walikuwa na hekaya ya qilin, mnyama mpole anayejitokeza tu zama za mtawala mwema: mwili wa kulungu, mkia wa ng'ombe, pembe iliyofunikwa nyama. Mwaka 1414 wajumbe wa Bengal walileta twiga, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi wakaleta mwingine. Kwa mtu wa Malindi alikuwa twiga. Alipotia mguu Uchina alikuwa ushahidi. Msomi Shen Du alitunga shairi la sifa na kuliandika juu ya picha ya mnyama huyo.

Yongle mwenyewe aliucheza mchezo kwa ustadi. Wakuu walipotaka kumpongeza rasmi kwa twiga wa kwanza, aliwaambia nchi ikiwa na amani, hata bila qilin serikali haipungukiwi kitu. Wa Malindi alikwenda kumpokea langoni, akasema sifa zimwendee marehemu baba yake na mawaziri wanaomsaidia. Angalia nani ametajwa na nani hakutajwa. Jianwen alikuwa ameshafutwa hata kwenye hesabu ya miaka, ile miaka yake minne ikahesabiwa kuwa ya Hongwu, baba yake Yongle.

Miaka sita baadaye upepo uligeuka. Mwanzoni mwa 1421 Yongle alizindua mji mkuu mpya, Beijing, na mwezi Mei radi ikateketeza kumbi tatu kuu za kasri jipya. Hapo hakukuwa na namna ya kujifanya hujaona. Akatoa waraka wa kuomba aambiwe makosa yake, na ofisa aliyeitwa Xiao Yi akamwambia: kosa ni kuhamisha mji mkuu. Xiao Yi akauawa.

Inatofautianaje na "haki takatifu" ya wafalme wa Ulaya?

James I wa Uingereza alifundisha kwamba mfalme anawajibika kwa Mungu peke yake, na mfalme mbaya ni mtihani wa kuvumiliwa. Kwa Wachina mfalme mbaya ni dalili kwamba muda wake umekwisha. Waingereza walipomkata kichwa Charles I, mtoto wa James, mwaka 1649, miaka mitano tu baada ya kifo cha Chongzhen, ilibidi watafute hoja mpya kabisa za kisheria na za dini. Wachina walikuwa nazo kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Ila kuna upande ambao Ulaya iliwazidi. Dhamana ya Mbingu haikuzaa bunge, mahakama wala utaratibu wowote wa kumwondoa mtawala bila damu. Ulijua amepoteza dhamana siku alipoanguka. Muasi aliyeshinda alikuwa mteule, aliyeshindwa alikuwa jambazi, na hakuna aliyeweza kusema mapema nani ni nani.

Wachina wote waliamini?

Hapana. Xunzi, aliyekuja baada ya Mengzi, aliandika katika karne ya 3 KK kwamba mwendo wa Mbingu ni uleule, mfalme awe mwema au mwovu. Watu wanaomba mvua na mvua inanyesha, kwa nini? Hakuna sababu, anasema, ingenyesha hata wasingeomba. Ujinga si kufanya tambiko, ila kudhani tambiko ndilo lililoleta mvua.

Nchi jirani ziliifuata?

Korea ndiyo, Yi Seong-gye alipoanzisha nasaba ya Joseon mwaka 1392 alijieleza kwa lugha hiyohiyo. Vietnam pia. Japani walichukua maandishi, sheria na majengo kutoka Uchina, lakini wakaiacha sehemu hii: ukoo wa Kaisari wao unasemekana kushuka kutoka kwa mungu jua, na ukoo wa mungu haubadilishwi.

Iliisha lini?

Rasmi, tarehe 12 Februari 1912. Siku hiyo Longyu, mjane wa Kaisari aliyetangulia, alitoa waraka wa kung'atuka kwa niaba ya Puyi, mtoto wa miaka sita. Waraka unasema mioyo ya watu imeelekea kwenye jamhuri, na kwa hilo nia ya Mbingu inajulikana, hivyo hawezi kuyapinga matakwa ya mamilioni kwa ajili ya fahari ya ukoo mmoja. Kwa hiyo hata ufalme wenyewe ulifutwa kwa hoja ya Zhou.

Kulikuwa na mmoja aliyejaribu kuufufua. Yuan Shikai, rais wa jamhuri, alikwenda Desemba 1914 kufanya tambiko la Mbingu huko Beijing, akiwa ndani ya gari la deraya. Mwaka uliofuata akakubali kuwa Kaisari, majimbo yakaasi, Machi 1916 akaukana, na Juni akafariki.

Minong'ono ya ishara haikwisha. Julai 1976 tetemeko la Tangshan liliua watu wasiopungua 240,000, na Mao Zedong alipofariki Septemba mwaka huohuo, wapo waliokumbuka mafundisho ya kale kuhusu ardhi inayotikisika mwisho wa utawala.

Ninaweza kuviona wapi vitu hivi?

Li gui na Da Yu ding vimo katika Makumbusho ya Taifa ya Uchina, Beijing. He zun iko Baoji. Picha ya twiga yenye shairi la Shen Du iko katika Makumbusho ya Kasri la Taifa, Taipei. Madhabahu ya duara imo ndani ya bustani ya Hekalu la Mbingu, Beijing, na sasa mtu yeyote aliyekata tiketi anaweza kupanda hadi juu. Hesabu mawe ya sakafu: mzunguko wa kwanza kutoka jiwe la katikati ni mawe 9, wa pili 18, hadi wa tisa wenye 81. Ukumbi wa mviringo ulio kaskazini, ule unaoonekana kwenye kadi zote za posta, si wa zama za Ming. Ule wa awali uliunguzwa na radi mwaka 1889.